Bamia Haifiki Gotini

Vijana wangu, tusalimiane kwanza kabla sijaanza kuwagombeza. Hamjambo? Shikamoo zenu nimezipokea, hata za wale wanaoniamkia macho yakiwa kwenye simu. Hapa Mlabani, Ifakara, wengi mnaniita Dokta Mazoezi, jina zuri, ila udaktari sina. Nilikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwenye kile chumba cha mwisho kabisa hospitalini, baada ya wodi zote, jirani na jengo la kufulia mashuka. Watu walinifikia wakiwa wameshapita milango mingine yote. Wengi walifika wamenuna, maana walitarajia sindano, wakakuta mtu ana taulo na kiti.

Sasa nimestaafu, na goti langu la kulia nalo limeanza kunisumbua kila ninapoinuka kanisani. Kila asubuhi nashika fremu ya mlango nafanya mazoezi yangu, na mke wangu anapita na ndoo ananiuliza kama leo nimepanga foleni au nimeingia kwa kujuana. Nacheka naye. Ninyi mnaoanza kazi hii mmeniomba niwaandikie mawili matatu, nami nimekubali kwa moyo mweupe, kwa sababu kazi hii imenipa maisha mazuri na watu wazuri, na nikikaa kimya nitakuwa mchoyo.

Kitu cha kwanza mtakachokisikia mkikaa kwenye kile chumba ni hiki: "Dokta, magoti yangu yameisha ute." Msicheke. Mtu anayesema hivyo amekueleza ugonjwa wake vizuri tu. Asubuhi goti limekaza, akitembea kidogo linalegea, akitembea sana linauma, na akishuka mteremko ndipo anausikia uchungu wote. Ile gegedu laini inayofunika ncha za mifupa imechakaa na kuwa nyembamba, na goti zima limekasirika, linavimba. Hawa ni watu waliopandikiza mpunga miaka yote wameinama, wakabeba magunia, wakabeba kuni na watoto. Magoti yao yana haki ya kulalamika.

Tatizo ni hatua inayofuata. Mtu akishaamini ute umeisha, anatafuta ute mwingine wa kujazia, na ute anaoujua uko kwenye bamia. Nimewahi kuona mzee mmoja yuko kwenye foleni anakunywa maji yaliyolowekwa bamia kutoka kwenye chupa ya soda, anameza huku amefumba macho. Nilimweleza kwa upole kwamba bamia haina njia ya kwenda gotini. Inashuka tumboni, inalainisha choo, ni mboga nzuri sana, lakini gotini haifiki. Alinitazama kwa huruma, akafunga kizibo chake, akaniuliza, "Wewe mwanangu umesomea wapi?" Nikamjibu. Akasema, "Basi wamekuficha."

Kazi hii nilifundishwa na Sista Otilia, Mpogoro wa Mahenge, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyezoea kutwanga. Nilimkuta anakiongoza kile chumba. Enzi hizo tulikuwa tunawakanda wazee kwa taulo za moto, tunawapaka mafuta, tunawaambia wakapumzike. Walipenda sana! Walirudi nyumbani wananukia karafuu, na mwezi unaofuata wanarudi hawawezi hata kupanda ngazi ya mlangoni. Sista ndiye aliyeanza kuchoka na mchezo huo. Alikwenda semina, akarudi amebadilika. Taulo akazibakiza kama zawadi ya mwisho, mtu anapewa akishafanya kazi. "Misuli ya paja ndiyo inayolibeba goti," alikuwa anasema. "Ukiiacha ilale, goti linabeba peke yake."

Vifaa hatukuwa navyo. Sista alichukua soksi kuukuu, akazijaza chenga za mchele, akazishona mdomo. Mgonjwa anafungwa soksi kwenye kifundo cha mguu, anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu taratibu, anaushikilia, anaushusha. Mchele wa Ifakara unafanya kazi kila mahali. Tulijivuna kweli, mpaka Jumatatu moja tulipofungua chumba tukakuta panya wamekula vifaa vyote vya tiba. Sista alisimama mlangoni, akaangalia zile soksi tupu, akasema, "Hawa panya sasa watakuwa na mapaja yenye nguvu." Tukahamia kwenye mchanga.

Yeye ndiye aliyenipa swali ambalo nimelitumia mpaka nastaafu. Alisema ukimuuliza mzee anaumwa wapi, atakwambia kila mahali, na hatakuwa amedanganya. Muulize ameacha kufanya nini. Kisha nyamaza, na usiangalie saa.

Mama Kabula alinifundisha upande wa pili. Huyu alikuwa Msukuma, mfugaji, mmoja wa wale waliokuja na ng'ombe zao huku bondeni. Alifika anachechemea, na kwenye fundo la kanga ana vidonge vya maumivu vya rangi zote, vya kununua duka la dawa, anavimeza asubuhi kabla ya chai. Nikamuuliza ameacha kufanya nini. "Kula pilipili," akasema. "Na maharage. Na kila kitu. Tumbo linawaka moto." Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia goti, na huyu mama ananiletea tumbo. Daktari alimpima akamkataza vile vidonge. Mimi nikampa mazoezi ya kukaa na kuinuka kwenye kile kigoda chake cha kukamulia. Alipopata nafuu ya tumbo akarudi kwenye maharage, dona, matembele na maziwa mgando ya nyumbani kwake, na akaanza tena kuwafuata ndama. Choo kilichokuwa kinamsumbua kikarudi kwenye mstari. Tangu hapo sikumwona tena mgonjwa wa goti bila kumuuliza habari za tumbo. Mtu asiyetembea, utumbo wake nao unazembea. Asiyekula vizuri hana nguvu ya kutembea. Vidonge vikichoma tumbo, mtu hali chakula. Ni mzunguko mmoja, mnaweza kuukata mahali popote.

Sasa niwasimulie habari ya Mzee Lukasi wa kijiji cha Mbingu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Mzee Lukasi alikuwa mkulima wa mpunga, amefiwa na mkewe, anaishi kwa mwanawe Deo. Deo mwenyewe alikuwa anashinda shambani, na msimu wa kulinda mpunga usiliwe na ndege alikuwa analala huko huko. Watoto wakiwa shule, nyumbani anabaki mzee na mke wa Deo, Mama Neema. Walimleta hospitali mwanzoni mwa Kwaresima, amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Alikuwa anakataa chakula, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa mfungo, akiulizwa anajibu kwamba anafunga. Ila kufunga kwake kulikuwa kumeanza kabla ya Jumatano ya Majivu.

Daktari wetu, kijana makini sana, alimpima kila kitu. Akakuta vidonge vya magoti vimemchubua tumbo, na choo kimefunga. Akavizuia vile vidonge na kumpa dawa. Lakini akaona haitoshi kueleza kukonda kule. Akamleta kwangu, akaninong'oneza, "Mzee wangu, hebu ongea naye. Mimi kila nikimuuliza ananijibu ndiyo daktari."

Mama Neema alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, bakuli la chakula liko mapajani limefunikwa na kitambaa. Nilimsalimia, akaanza kulia kabla hajaitikia.

"Hali chakula changu, Dokta. Niliambiwa bamia inarudisha ute, nikawa nampikia bamia kila siku. Kwa karanga, kwa nazi, kwa samaki. Mwanzoni alikula. Siku hizi anaonja, anasukuma sahani. Maji ya kunywa nikimwekea jagi, jioni nalikuta vile vile."

"Labda hana hamu tu, mama."

"Watu wameanza kusema."

"Wanasema nini?"

Akafuta uso. "Kwamba namwekea kitu. Wifi yangu Fabiola, anayeishi kijiji cha Kisawasawa, ametuma ujumbe kwa ukoo. Baada ya Pasaka anakuja kumchukua baba. Wakimchukua kwa maneno hayo, Dokta, mimi sitakaa tena pale. Na Deo atasimama wapi, kwa dada yake au kwangu?"

Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikavuta kiti karibu na Mzee Lukasi. Nikamuuliza swali la Sista.

"Umeacha kufanya nini, baba?"

"Kulima."

"Na kingine?"

"Kupiga magoti kanisani. Nasali nimesimama kama askari."

"Na kingine?"

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Jirani pale walikuwa wanakung'uta mashuka, tukayasikiliza. Baadaye nikauliza, "Chooni unakwendaje?"

Akageuka akautazama mlango kama umefungwa sawasawa. Ndipo akaniambia. Siku moja, Deo akiwa shambani, alikwenda chooni, akachuchumaa, magoti yakagoma. Choo chenyewe ni cha shimo, kuta za mabanzi, hakuna cha kushika. Alijaribu kuinuka akashindwa.

"Nyumbani yuko nani?" akaniuliza. "Mkwe wangu peke yake. Nimwite? Aje aniinue, nikiwa vile nilivyo?"

Ninyi vijana wa siku hizi mnaweza kushangaa, lakini kwetu mkwe ni mkwe. Jikoni kwake huingii. Yeye anakusalimia amepiga goti, na kuna maneno ambayo huyatamki mbele ya mwenzako hata iweje. Mzee wa watu alikaa mle ndani, miguu imekufa ganzi, anamsikia Mama Neema anaimba huku anapepeta mchele uani, na hawezi kufungua mdomo. Mwishowe alitoka kwa kujikokota na viwiko, akasingizia ameteleza.

"Sasa na ile bamia," akasema, akipunguza sauti. "Bamia ile inaharakisha mambo. Unaijua bamia?"

"Naijua."

"Mara moja kwa siku nilikuwa siwezi. Ikawa mara mbili. Nikaona bora nisile. Kisichoingia hakitatoka."

"Na maji?"

"Maji nayo ni yale yale. Mwishowe choo kikafunga kabisa."

Nusura nicheke. Yeye akacheka kwanza, cheko kavu, nami nikamfuata, halafu sote wawili tukawa tunafuta macho. Mama wa watu anapika bamia kwa mapenzi yote ili kulirudisha goti, na bamia hiyo hiyo inamfukuza mzee mezani. Nilimwambia habari za Fabiola na maneno ya watu. Hakuwa anazijua. Alishtuka, akashika kichwa, lakini bado akanisihi, "Usimwambie mkwe wangu. Nitakufa kwa aibu."

Nikaahidi. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, vijana, hata pale inapokukereketa koo.

Fundi seremala mmoja hapa Mlabani alitutengenezea kiti kizito cha mbao chenye mikono ya kushikilia, na katikati ya sehemu ya kukalia akatoboa tundu. Kwa Deo nilisema ni kiti cha mazoezi ya kuchuchumaa, na sikumdanganya. Kilisafiri mpaka Mbingu juu ya bodaboda, kimefungwa miguu juu, nami nafuata kwa nyuma kwa bodaboda nyingine. Kila tulipopunguza mwendo watu walituuliza hicho ni kiti cha mfalme gani, na dereva wangu, mtoto wa mjini, akawa anawajibu, "Ni VIP hiyo!"

Tulikishusha uani. Mama Neema akakitazama kile kiti. Akalitazama tundu. Akageuka akatazama choo kule nyuma ya migomba, kisha akanitazama mimi. Nilijifanya nakagua kamba za mizigo. Hakuuliza kitu. Alichukua fagio akaenda kuifagia njia ya chooni, akang'oa visiki vidogo, akamwita Deo akamwambia achimbie nguzo mbili za kushikilia, "kwa sababu wageni wanateleza." Pale nilijua anajua, na nilijua hatasema. Nimekutana na watu wengi wenye adabu, lakini mama yule aliwazidi wote, na mpaka leo nikimkumbuka nafsi yangu inamshukuru.

Mazoezi yalikuwa ya kawaida. Kukaa kitandani na kuinuka bila kuvuta kitu, kwanza kitanda kimewekewa godoro la ziada ili kiwe juu, kisha bila hilo godoro. Soksi ya mchanga mguuni. Kutembea kwenye tuta la jaruba la mpunga, mwanzo mpaka kwa jirani, baadaye mpaka barabarani na kurudi. Goti likiuma kidogo aendelee, likivimba apunguze, asiache. Siku ya kwanza alinitukana kwa Kipogoro, taratibu na kwa heshima. Upande wa chakula, daktari alimpangia: kidogo kidogo, maji ya kutosha, mboga za kubadilisha badilisha, na bamia iwe mara moja moja. Sasa kwa kuwa chooni palikuwa na kiti, hakuwa na sababu ya kuogopa sahani, na chakula kilianza kurudi. Msidhani goti lilipona. Goti lilikuwa lile lile la zamani, ila paja lililo juu yake lilikuwa limeamka.

Lakini maneno hayafi haraka. Mzee alianza kunenepa mashavuni na bado watu wakasema Mama Neema ameogopa ndiyo maana ameacha kumwekea. Fabiola hakubadili safari yake.

Jumatatu ya Pasaka nilialikwa kwao. Ukoo ulikuwa umekaa uani, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Kulikuwa na wali, kuku, na bakuli dogo la bamia. Mama Neema alipita kwa kila mtu na birika la maji ya kunawa. Alipofika kwa Fabiola, Fabiola hakunyoosha mikono.

"Nimeshiba," akasema. Sahani yake ikabaki tupu pale mkekani, na kila mtu alielewa maana yake. Mama Neema alibaki amesimama, birika mkononi. Deo alikuwa anaangalia chini.

"Nimekuja kumchukua baba," Fabiola akaendelea, kwa sauti ya watu wote. "Kwangu atakula."

Na mimi niliyekuwa na jibu lote kichwani nilikuwa nimefungwa na ahadi yangu. Ndipo Mzee Lukasi akaweka sahani yake pembeni, akasogeza miguu nyuma kama nilivyomfundisha, akainama mbele, akasimama. Hakushika kitu. Uani wote wakageuka kumtazama, maana wengi walikuwa hawajamwona akiinuka peke yake tangu mwaka uliopita.

"Fabiola mwanangu," akasema, "chakula cha Mama Neema hakikunishinda. Choo ndicho kilichonishinda."

Mjomba mmoja akakohoa. Mzee hakumjali. Akaeleza yote, mbele ya wanawe, mbele ya shemeji zake, mbele ya mkwe wake mwenyewe amesimama na birika: alivyochuchumaa, alivyoshindwa, alivyokaa mle ndani anamsikia akiimba, alivyoamua asile ili asiende. Hakuacha kitu.

"Nilinyamaza kwa heshima," akasema. "Yake na yangu. Ninyi mkachukua kimya changu mkamfanya mchawi. Basi heshima hiyo siitaki tena, ichukueni." Akamgeukia Mama Neema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anamtazama usoni. "Mama, niongezee wali. Bamia kidogo tu."

Mama Neema alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yalianza kutikisika, na sote tukadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia. Alimpakulia baba mkwe wake, akapiga goti kumpa sahani. Hakuna aliyekuwa anakula.

Fabiola akajivuta mkekani mpaka kwenye birika, akanawa mwenyewe, akaokota sahani yake tupu na kuinyoosha.

"Na mimi nipakulie, wifi," akasema.